Mabenchi Yatang'olewa, Mama Laurette Anastaafu

Mabenchi ya kanisa letu yatang'olewa yote isipokuwa moja. Tangazo hilo lilitolewa na Mchungaji James Msabaha mwishoni mwa ibada ya Jumapili iliyopita, tarehe 20 Septemba 2009. Alisema benchi litakalobaki ni lile la nyuma, karibu na mlango, na kwamba mwenyewe anajulikana. Watu wakageuka kumtazama Mama Laurette Kahindo, ambaye wakati huo alikuwa ameinama akibandua chingamu chini ya benchi hilohilo.

Mama Laurette anastaafu Jumatano hii, tarehe 30 Septemba, baada ya kuwa mtunza kanisa hapa Woolwich kwa miaka kumi na sita. Amefanya kazi na wachungaji watatu na katika majengo manne. Wachungaji, kwa maneno yake, walikuwa rahisi kuwazoea kuliko majengo.

Alizaliwa Butembo, mashariki mwa Kongo, mwaka 1949, na huko alifundisha ushonaji katika shule ya wasichana. Alifika London mwaka 1992 na binti zake wawili. Akiwa Plumstead alisubiri jibu la maombi yake ya hifadhi, na lilipokuja akapata kazi ya kusafisha ofisi. Ushirika wetu wakati huo ulikuwa unakutana sebuleni kwa Dada Jane Wakesho, muuguzi kutoka Taita. Watu walikaa kwenye kochi, kwenye mikono ya kochi, sakafuni na kwenye ngazi. Mama Laurette alikuja mara ya kwanza siku ya mvua, akasimama kuanzia wimbo wa kwanza hadi baraka kwa kukosa pa kukaa. Alipoagwa mlangoni alimwambia mwenye nyumba, "Ibada ni muzuri, Dada. Mungu iko na nafasi hapa, ni sisi hatuna."

Mwaka uliofuata tulikodi ukumbi wa shule ya msingi, na yeye akajitolea kuutunza. Kazi yenyewe ilikuwa kuugeuza ukumbi wa michezo uwe kanisa kila Jumapili asubuhi, kisha kuurudisha ulivyokuwa kabla ya saa saba mchana. Harufu ya samaki wa chakula cha shule cha Ijumaa ilikuwa bado hewani. Sakafu ilikuwa na mistari ya rangi kwa ajili ya michezo, na Mama Laurette aliifanya ramani yake: meza ya Bwana kwenye mstari wa bluu, njia ya katikati baina ya miwili myekundu, kwaya ndani ya nusu duara. Juu ya mimbari palikuwa na kikapu cha kutupia mpira. Alikishonea pazia jeupe, na wageni wengi waliondoka wakiamini kwamba nyuma yake kulikuwa na kitu kitakatifu.

Jumapili ya kwanza washirika walitoka nje kuzungumza, yeye na wanawake wawili wakabaki na viti vyote. Mlinzi wa shule alikuja na funguo kukiwa bado hakujakwisha, akasema yakitokea tena tutafute pengine. Jumapili ya pili Mama Laurette alisimama mlangoni kabla mchungaji hajashusha mikono ya baraka. "Hakuna kutoka bila kiti," alisema. Kila mtu alikibeba chake hadi ukutani. Miaka michache baadaye alifika askofu mgeni kutoka Kenya, na wazee wakajaribu kumpitisha pembeni. Askofu naye alibeba kiti, kanzu yake ikiburura sakafuni, na kwenye mahubiri ya jioni, katika kanisa jingine, alikitaja kiti hicho mara tatu.

Hapo ulizaliwa utaratibu ambao washirika wapya wamesikia habari zake tu. Mama Laurette hakupanga viti vya akiba. Alipanga kwa ajili ya watu anaowajua, kila mtu mahali pake, na mgeni aliletewa kiti kutoka ukutani huku akipewa mkono. Kwa hiyo kiti kitupu kilikuwa na mwenyewe. Baada ya ibada, wakati vingine vyote vimebebwa, viti vya wasiokuwepo vilibaki vimesimama peke yao katikati ya ukumbi. Alikwenda kwa kila kimoja, akashika egemeo lake, akauliza kwa sauti ya kusikika hadi jikoni: "Kiti hiki cha nani?"

Hakikuondolewa mpaka mtu aseme ni cha nani na mwenyewe yuko wapi. Yuko zamu. Amekwenda Leeds kwa dada yake. Anaumwa. Pale ambapo hakuna aliyejua, mtu mmoja alitajwa papo hapo akapige simu au akagonge mlango, ndipo kiti kikaenda ukutani. Mambo mengi ya ushirika huu yalifanyika katika nusu saa hiyo ya kubeba. Watu waliambiana wapi panatafutwa wafanyakazi wa kutunza wazee, nani ameitwa na uhamiaji, mtoto wa nani amefaulu. Ndugu Njoroge, fundi rangi kutoka Nakuru ambaye gari lake limehamisha vyombo vyetu tangu mwanzo, alimpata mkewe Tatiana hapo. Anasema alibeba viti vya safu nzima ya wanakwaya kabla ya kupata ujasiri wa kumuuliza jina.

Mwaka 1997 tulihamia ghorofani, juu ya duka la mazulia karibu na soko. Hapo tulikuwa na viti vyetu wenyewe, vya plastiki, vilivyonunuliwa kwa awamu na ndiyo maana havifanani rangi. Ngazi ilikuwa nyembamba na sakafu ilikuwa ya mbao za zamani. Mwenye duka, Bi Kalpana, aliyekulia Mombasa, alikuwa mpangishaji mwema na hakuficha lililo moyoni. Kwaya ikichangamka, vumbi la dari lilishukia mazulia yake, naye alisimama chini ya ngazi akapaza sauti: "Mama Laurette! Leo mwamsifu Mungu ama mwavunja nyumba?" Mama Laurette alijibu kwamba yote mawili, lakini wanaanza na sifa. Mabishano hayo yalikwisha kwa Bi Kalpana kutuma juu mabaki ya mazulia ya kuzibia sakafu. Kanisa likawa na sakafu ya viraka kama shuka la kushonwa, na kwa mujibu wa Mama Laurette lilikuwa jengo lenye joto kuliko yote manne.

Mwaka 1998 baraza la kanisa lilimwajiri rasmi kwa saa chache kwa juma. Hakupunguza kazi ya ofisi wala hakubadilisha namna ya kufanya hii.

Mwaka 2002, watu walipozidi, tulikodi ghala katika eneo la viwanda upande wa Barking. Waliokuwepo hawahitaji kuelezwa habari za baridi ile. Mhubiri alitoa mvuke mdomoni, na wapiga kinanda walivaa glavu zilizokatwa vidole. Mama Laurette alichora njia ya katikati kwa chaki na kutundika mapazia mazito ili sauti isipotelee kwenye mabati, na kila Jumapili vyombo vyote vilipakiwa tena garini kwa sababu ghala halikuwa letu siku za kazi. Mwaka 2006 halmashauri ya mtaa ilituandikia kwamba jengo lile lina kibali cha kuhifadhi mizigo, si cha kukusanya watu, na kwamba tuondoke ndani ya mwaka mmoja. Ndipo mchungaji wetu wa wakati huo alipohubiri kwa majuma kadhaa kwamba kanisa si jengo, kanisa ni watu. Mama Laurette alimsikiliza majuma yote, kisha akamwambia mlangoni, "Amina, Muchungaji. Lakini hao watu wanakaa juu ya kitu."

Kitu hicho kilipatikana Septemba 2007. Ni jengo tulilomo leo: kanisa dogo la matofali, lililofungwa baada ya washirika wake wa awali kuzeeka na kupungua. Lina madirisha marefu, kengele isiyolia, na mabenchi ya mbao nyeusi yaliyofungwa sakafuni kwa skrubu, laini kwa sababu ya viwiko vya watu wengi. Dada Jane, aliyeongoza mfuko wa ujenzi tangu siku za ukumbi wa shule, aliketi kwenye benchi la mbele kabla hata ya kutazama dari. "Miaka yote hii nimekalia plastiki nikiota mbao," alisema. Mama Laurette alilisukuma benchi moja kwa goti, likakataa kutikisika. Mgongo ulikuwa umemsumbua tangu ghalani. "Hii haibebeke," alisema. "Mungu ameona mugongo yangu." Viti vya plastiki vilishushwa chini, kwenye chumba cha tanuri la joto. Baraza lilitaka vitupwe. Alikataa bila kutoa sababu.

Ibada ya kwanza katika jengo hili inakumbukwa kwa jambo ambalo halikuwa kwenye ratiba. Baada ya baraka, wanaume walishusha msalaba ukutani. Wanakwaya walikunja mapazia. Mtu alichomoa kinanda, mwingine akabeba ngoma, mimbari ikatolewa kwa mlango wa pembeni, na Ndugu Njoroge akarudisha gari nyuma hadi kwenye ngazi kama alivyofanya kila Jumapili ya maisha yake London. Vitu vyote vilipakiwa. Mama Laurette mwenyewe alisimamia upakiaji na kuwakaripia vijana walioshika msalaba vibaya. Ndugu Njoroge alifunga mlango wa nyuma, akaingia, akawasha gari, akateremsha kioo. "Tunapeleka wapi?" aliuliza.

Kisha Tatiana akaanza kucheka, akakaa kwenye ngazi, na kanisa zima likacheka naye. Vitu vikarudishwa ndani, msalaba ukatundikwa tena, na Mama Laurette akafunga mlango kwa ufunguo ambao hakupaswa kumrudishia mtu.

Jengo lilitupa mengi ambayo ghala halikuweza kutupa. Mazishi yalikuwa na mahali. Wapita njia waliingia siku za kazi, wengine Waingereza wa mtaa huu, wakakaa kimya na kuondoka. Mama Laurette aliacha mlango wazi kila Jumanne kwa ajili yao. Watoto wetu waliacha kusema tunakwenda "holini" wakaanza kusema tunakwenda kanisani. Waliohudhuria waliongezeka, na benchi ambalo lilikuwa la watu watano lilibeba sita kwa kila mtu kujisogeza kidogo. Baada ya ibada hapakuwa na cha kubeba, hivyo watu walitoka, wakasalimiana kwenye ngazi kama hali ya hewa iliruhusu, wakaondoka.

Februari mwaka huu, siku za theluji nyingi, Papa Zéphyrin Bahati aliteleza nje ya nyumba yake Abbey Wood akavunjika nyonga. Washirika wanamfahamu: mjane kutoka Uvira, aliyekuwa sauti nzito ya kwaya, anayeishi peke yake. Jirani aliita gari la wagonjwa. Alilazwa, akafanyiwa upasuaji, na simu yake ilibaki nyumbani juu ya meza. Jumapili tatu zilipita. Kwaya iliimba, sahani ya sadaka ilizunguka, na hapa kanisani hakuna aliyeuliza habari zake.

Dada Jane alimkuta kwa bahati, alipopelekwa kusaidia wodi isiyo yake. Amesimulia jambo hili katika kikao cha wazi, hivyo linaandikwa hapa kwa ruhusa yake. Papa Zéphyrin alifurahi kumwona, akamtania kwamba bado hajafa ingawa alianza kujaribu. Kisha akauliza, "Dada Jane, kiti yangu alibeba nani?" Alikuwa amesahau kwamba hatuna viti. Au hakusahau, Dada Jane anasema hakuweza kujua.

Alimpelekea habari Mama Laurette jikoni kwetu, kwenye masufuria ya chai. Mama Laurette aliuliza ni benchi gani Papa Zéphyrin alikuwa akikaa, kisha akajijibu. Lilikuwa benchi lake yeye. Jumapili zote tatu alikuwa amejisogeza kidogo ili mtu mwingine apate nafasi.

Katika kikao cha Machi aliomba mabenchi yang'olewe na viti virudi. Ombi halikupokelewa vizuri. Watu walitaja uzuri wa mbao, michango iliyotolewa, heshima ya nyumba ya Mungu. Mzee mmoja alisema hatukutoka ghalani ili tulirudishe ghala humu ndani. Dada Jane alipinga kwa nguvu kuliko wote, na alimkumbusha maneno yake mwenyewe. "Mama, si wewe uliyesema Mungu ameuona mgongo wako?" Mama Laurette hakusimama hata kujibu. "Aliona," alisema. "Mungu aliona mugongo yangu. Sisi hatukuona Zéphyrin."

Baraza liliamua kujaribu njia nyingine kwanza. Karatasi ya mahudhurio iliwekwa mlangoni, lakini watu, kwa wema, waliandika hata majina ya rafiki zao wasiokuwepo. Wasimamizi wa safu waliteuliwa, lakini nao walikuwa na zamu zao za Jumapili, na safu ya msimamizi asiyekuwepo haikuwa na wa kuiuliza. Kufikia Juni mambo yote mawili yalikuwa yamekufa. Mama Laurette aliendelea kung'arisha mabenchi kila Jumamosi, na aliyamudu vizuri kama alivyomudu mistari ya rangi.

Mwezi Julai paa lilivuja. Mafundi walifunga kanisa kwa majuma matatu, na ibada zikahamia ukumbi mdogo wa chini. Viti vya plastiki vilitolewa kwenye chumba cha tanuri na kupanguswa. Mama Laurette alivipanga kwa njia ya zamani, bila cha akiba. Jumapili ya pili, baada ya watu kubeba, kimoja kilibaki katikati, cha kijani, safu ya mbele. "Kiti hiki cha nani?" Kilikuwa cha Dada Jane.

Wengine walisema yuko zamu. Tatiana, aliyekuwa na ratiba ya zamu zake, alisema hayuko zamu. Mama Laurette hakumtaja mtu wa kwenda. Alivua aproni akaenda mwenyewe, na walioona hivyo wakamfuata. Dada Jane alifungua mlango akiwa na nguo za kulalia. Simu kutoka Taita ilikuwa imekuja Jumamosi: mama yake amefariki. Hakuwa amemwambia mtu. Kabla ya jioni sebule ile ilikuwa imejaa, watu kwenye kochi, kwenye mikono ya kochi, sakafuni na kwenye ngazi. Papa Zéphyrin alikuja kwa teksi, na magongo yake, akaanzisha wimbo.

Agosti, aliporudi kutoka mazishini, Dada Jane aliomba nafasi katika baraza. Ndiye aliyetoa hoja ya kung'oa mabenchi, na ndiye aliyeomba moja libaki kwa ajili ya mgongo wa Mama Laurette. Alisema bado anazipenda zile mbao na hatajifanya kinyume. Hoja ilipita. Mama Laurette alishukuru, kisha akauliza nani atajaza matundu ya skrubu sakafuni, maana watoto wataingiza vidole.

Inapasa kusema pia kwamba si mtu mwepesi kufanya kazi naye. Amewahi kuficha vijiti vya ngoma kwa juma zima kwa sababu viliachwa sakafuni. Haamini mashine ya kufagia zulia na anaamini ufagio. Bwana harusi aliyechelewa aliwahi kumkuta ameanza kukunja mapazia. Lakini katika miaka kumi na sita hajawahi kufungua jengo lolote kwa kuchelewa, na hakuna mgeni aliyeingia bila mkono wake.

Kazi yake itashikwa na Gloire, binti aliyekulia katika ushirika huu tangu ghorofa ya mazulia. Gloire ni wa kizazi cha hapahapa; ukimsemesha kwa Kiswahili atakujibu kwa Kiingereza. Mama Laurette amemwachia ratiba zote azifanye kwa lugha anayotaka, isipokuwa swali lile moja. Wamelifanyia mazoezi Jumamosi mbili. Taarifa kutoka jikoni ni kwamba linasikika hadi barabarani.

Mama Laurette, ushirika unakushukuru kwa sakafu nne ulizozifanya kanisa na kwa kila mlango uliotutuma tukaugonge. Uketi sasa, uwaone wajukuu, na mgongo upate nafuu iliyochelewa. Benchi ni lako siku zote, na chingamu atabandua mwingine.

Kazi ya kung'oa itaanza Jumamosi tarehe 3 Oktoba, saa tatu asubuhi. Wenye bisibisi waje nazo. Ndugu Njoroge ataleta gari, na safari hii amekwisha kuuliza yanakopelekwa: kuna ushirika mpya Ilford uliopata jengo usiopata pa kukaa. Ibada ya Jumapili tarehe 4 Oktoba ni saa tano kama kawaida. Gloire atapanga viti. Cha Papa Zéphyrin kitakuwa safu ya tatu, upande wa kushoto, na mwenyewe ametuma ujumbe kwamba magongo ameyaacha, atatembelea bakora moja, na mkono uliobaki unatosha kubeba kiti chake.